John Harrison, Seremala Aliyeifundisha Saa Kuvuka Bahari

Kazi yangu mimi ni ya kompyuta, na hasa ile sehemu ya kompyuta ambayo mtumiaji haioni wala hana haja ya kuiona. Ndani ya kila kompyuta mna programu kuu moja inayozitawala nyingine zote, nayo sisi twaiita kiini cha mfumo endeshi. Kiini ndicho kigawacho zamu. Programu hii hupewa sehemu ndogo ya sekunde ifanye kazi yake, kisha husimamishwa, ikapewa ile, na hivyo hivyo mchana kutwa, hata mtu aketiye mbele ya mashine akadhani kwamba zote zaenda kwa pamoja. Ni kama mwalimu wa zamu na kengele yake. Na mwalimu wa zamu asiye na saa, msomaji, shule yake itakuwaje?

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta ina saa moja. Sivyo. Ina saa kadhaa, na kila moja ina tabia yake. Iko saa ndogo yenye betri, ambayo huendelea kwenda hata mashine ikizimwa. Kijiwe chake cha kwatzi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kiko kipima muda cha namna ya zamani, kilichojulikana sana tangu kompyuta za IBM za mwaka 1981, ambacho huhesabu mapigo 1,193,182 kwa sekunde na kukigutusha kiini kila hesabu inapotimia. Na tangu mwaka 1993 kiko kihesabio kilichomo ndani ya ubongo wenyewe wa mashine, kinachohesabu kila pigo lake, mamilioni kwa mamilioni. Hicho cha mwisho ni chepesi kusomwa kuliko vyote, lakini katika mashine za zamani kilikuwa na ila moja kubwa: mashine ilipopunguza mwendo ili kuokoa umeme, nacho kilipunguza mwendo.

Ila hiyo niliijua kwa taabu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na ofisi moja, ambayo sitaitaja, kwa sababu hesabu za bohari yake zilikuwa zimeingia wazimu. Mali ilionekana kutoka bohari kabla haijaingia. Karani mmoja alikwisha kushukiwa wizi, na mwenyewe alikuwa akinitazama kama mgonjwa amtazamavyo daktari. Nilikesha siku mbili, ndipo nikagundua kwamba zile mashine mbili zilizokuwa zikiandika hesabu zilitofautiana kwa dakika nne. Kiini cha mojawapo kilikuwa kimeweka imani yake yote katika kile kihesabio kiendacho pole mashine ikipumzika. Nilikiamuru kitumie kipima muda kingine, na karani akasafika. Lakini swali lilinibakia. Ikiwa hakuna saa isiyokosea, basi mtu aiaminije saa yoyote?

Nilikuja kutambua kwamba swali hilo lilikwisha kuulizwa, na kujibiwa, zaidi ya miaka 250 iliyopita, na mtu aliyeanza maisha yake kama seremala wa kijijini. Huyo ni John Harrison, na ndiye ninayetaka kumsimulia.

Harrison alizaliwa mwaka 1693 katika kijiji cha Foulby, huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Henry, alikuwa seremala, na mtoto akiwa bado mdogo jamaa ile ilihamia Barrow, kijiji kilicho karibu na mto Humber. Shule ya maana hakupata. Alijifunza kazi ya mbao kwa baba yake, na kanisani akashughulika na kengele na kwaya. Kasisi mmoja aliyezuru kijiji, alipoiona kiu ya kijana huyu, alimwazima nakala ya mihadhara ya elimu ya maumbile ya Nicholas Saunderson, yule mwalimu kipofu wa Cambridge. Harrison aliinakili yote kwa mkono, maneno na michoro, akakaa nayo miaka mingi akiisoma na kuongeza maelezo yake mwenyewe.

Saa yake ya kwanza aliikamilisha mwaka 1713, naye ana umri wa miaka 20. Karibu yote ilikuwa ya mti. Yeye hakuona ajabu, maana mti ndio alioujua. Kufikia mwaka 1722 hivi alikuwa amejengea nyumba ya kifahari ya Brocklesby saa ya mnara, na katika saa hiyo ndipo alipoonyesha akili yake kwa mara ya kwanza. Ugonjwa mkubwa wa saa za wakati ule ulikuwa mafuta. Mafuta yaliganda kwa baridi na kuwa mazito kwa vumbi, na saa ikachelewa au ikasimama. Mafundi wote walitafuta mafuta bora. Harrison akatafuta namna ya kutohitaji mafuta kabisa. Sehemu zinazosuguana alizichonga kwa mti mgumu wa nchi za Karibi uitwao lignum vitae, ambao hutoa utomvu wa mafuta wenyewe. Saa ya Brocklesby ingali ikienda.

Akisaidiana na ndugu yake James, kati ya miaka 1725 na 1728 alitengeneza saa ndefu za kusimama zilizopita zote alizozitangulia. Saa za namna hiyo huongozwa na pendulamu, yaani ule uzito unaoning'inia na kubembea. Shida ni kwamba chuma hurefuka kwa joto, na pendulamu ikirefuka hubembea polepole zaidi. Basi saa huchelewa kiangazi na kutangulia wakati wa baridi. Harrison alijua kwamba shaba ya manjano hurefuka zaidi kuliko chuma cha pua. Akazipanga fito za madini hayo mawili kwa zamu, hivi kwamba moja ikisukuma uzito chini, nyingine yauvuta juu kwa kiasi kile kile. Urefu ukabaki ule ule, jua liwake au theluji ianguke.

Lakini alijuaje kama saa zake zaenda sawa, naye kijijini hana saa nyingine ya kuzipimia iliyo bora kuliko zake? Hapa ndipo ninapompenda kuliko mahali pengine popote. Alisimama usiku dirishani kwake, akaitazama nyota mpaka ikapotea nyuma ya bomba la moshi la nyumba ya jirani, huku mtu akihesabu sekunde za saa kwa sauti. Nyota ile ile hurudi mahali pale pale kila usiku mapema kwa dakika 3 na sekunde 56, bila kukosa. Basi bomba la moshi la jirani likawa kipimo chake. Kwa njia hiyo aliona kwamba saa zake hazikosei zaidi ya sekunde moja kwa mwezi, jambo ambalo hata mafundi wa London hawakuwa wamelifikia.

Sasa yafaa nieleze kwa nini sekunde zilikuwa na thamani kubwa namna hiyo. Jua likifika utosini Mombasa, watu wa Kisumu hungoja karibu dakika 20 kabla halijafika kwao, kwa kuwa Kisumu iko magharibi zaidi. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24. Kwa hiyo kila dakika nne ni digrii moja ya longitudo. Nahodha aliye katikati ya bahari anaweza kuijua saa ya pale alipo kwa kulitazama jua. Kama angekuwa pia na saa iliyoshika wakati wa bandari aliyotoka, tofauti ya saa hizo mbili ingemwonyesha amekwenda mbali kiasi gani mashariki au magharibi. Upande wa kaskazini na kusini haukuwa na taabu, maana jua na nyota huonyesha latitudo. Longitudo ndiyo iliyowaua watu.

Na iliwaua kweli kweli. Mwezi wa Oktoba mwaka 1707, manowari za Uingereza chini ya Admeri Cloudesley Shovell zilikuwa zikirudi nyumbani, zikakosea mahali zilipo, na nne kati yake zikagonga miamba ya visiwa vya Scilly usiku. Zaidi ya watu 1,400 walikufa maji, admeri mwenyewe akiwa mmoja wao. Ilipofika mwaka 1714 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kumtunza yeyote atakayepata njia ya kujua longitudo baharini: pauni 10,000 kwa njia isiyokosea zaidi ya digrii moja, 15,000 kwa theluthi mbili za digrii, na 20,000 kwa nusu digrii. Nusu digrii ni dakika mbili za saa. Zigawanye dakika hizo kwa safari ya wiki sita, utaona kwamba saa haina ruhusa ya kukosea hata sekunde tatu kwa siku, katika merikebu inayorushwa na mawimbi, kutoka baridi ya Ulaya hadi joto la Karibi. Newton mwenyewe, alipoulizwa na Bunge, alieleza kwamba saa ya namna hiyo ilikuwa haijatengenezwa bado. Wanafalaki wengi waliamini kwamba jawabu liko mbinguni, katika mwendo wa mwezi na nyota, na si katika meza ya fundi.

Mwaka 1730 Harrison alikwenda London na michoro yake. Alimwendea Edmond Halley, mwanafalaki mkuu wa mfalme, naye Halley akampeleka kwa George Graham, fundi wa saa mashuhuri kuliko wote mjini. Mtu mwingine angeiogopa ziara ya kijana mwenye siri nzuri, au angeiiba ile siri. Graham alizungumza naye kutwa nzima mpaka usiku, wakala pamoja, kisha akamkopesha fedha bila riba ili akaijenge saa yake. Sikosei nikisema kwamba bila Graham tusingelisikia jina la Harrison.

Saa ya kwanza ya bahari ilimalizika mwaka 1735. Ilikuwa zigo la kilo 34, haina pendulamu, bali mikono miwili mikubwa iliyounganishwa kwa kamani na kubembea kinyume, ili msukosuko wa bahari ukiukaze mmoja uulegeze mwingine. Mwaka 1736 ilipelekwa Lisbon, na Harrison pamoja nayo, akilewa bahari njia nzima. Wakati wa kurudi, mabaharia walipoiona nchi kavu walidhani ni rasi moja. Harrison, kwa hesabu ya saa yake, akawaambia kwamba ni nyingine, na kwamba wamekosea kwa maili kama 60. Ikawa kama alivyosema.

Mtu wa kawaida angedai zawadi hapo hapo. Harrison, mbele ya Bodi ya Longitudo, aliyataja makosa ya saa yake mwenyewe na kuomba fedha kidogo ili atengeneze iliyo bora. Akatengeneza ya pili, akaiona ina dosari, akaiacha. Ya tatu aliishughulikia miaka 19. Miaka 19, msomaji! Haikumpa alichokitaka, ingawa ndani yake alibuni vitu viwili vilivyoenea duniani kote: ule utepe wa madini mawili yaliyogandamana, ambao hupinda kwa joto na ambao leo umo katika pasi nyingi za umeme, na beringi zenye rola zilizofungwa katika kizimba, ndugu za zile zilizomo katika magurudumu ya gari.

Jawabu lilimjia kutoka mahali asipopatazamia. Mwaka 1753 fundi mmoja, John Jefferys, alimtengenezea saa ya mfukoni kwa kuufuata mchoro wake, nayo ikaenda vizuri kupita kiasi. Harrison, aliyekuwa amezidharau saa ndogo maisha yake yote, akatambua kwamba gurudumu dogo linalobembea upesi halisumbuliwi na mawimbi kama mikono mikubwa ibembeayo polepole. Mwaka 1759 aliimaliza saa yake ya nne, ambayo wataalamu huiita H4. Upana wake ni sentimita 13 hivi, uzito chini ya kilo moja na nusu, inapiga mara tano kwa sekunde, na mna almasi na yakuti ndani yake ili kupunguza msuguano. Harrison alikuwa na miaka 66.

Novemba 1761 mwanawe, William, alipanda manowari ya Deptford na saa ile, kwenda Jamaika. Mzee aliachwa nyumbani kwa sababu ya umri. Njiani pombe ya mabaharia ilikuwa imeharibika, na nahodha hakuwa na hakika na mahali walipo. William akamwambia kwamba wakishika njia ile ile wataviona visiwa vya Madeira, na kesho yake vikaonekana. Walipofika Jamaika, Januari 1762, ilihesabiwa kwamba saa imechelewa kwa sekunde 5 tu baada ya siku 81.

Ungedhani mambo yamekwisha. Bodi ikakataa. Na hapa ndipo pale nilipotaka kufika, maana sababu moja ya kukataa kwao ilikuwa ya haki, ijapokuwa wengi wamsimuliao Harrison huwafanya wanabodi wote kuwa wabaya. Zile sekunde 5 zilipatikana baada ya kuondoa kiasi fulani cha kuchelewa kwa kila siku, ambacho akina Harrison walisema ndicho mwendo wa kawaida wa saa ile. Bodi ikauliza: mwendo huo mliutangaza lini? Mbona haukuandikwa kabla ya safari? Mtu akiruhusiwa kuchagua mwendo wa saa baada ya kufika, anaweza kuifanya saa mbovu ionekane njema. Tena longitudo yenyewe ya Jamaika haikuwa imepimwa sawasawa. Kwa hiyo waliagiza safari ya pili.

Fundi wa saa anajua jambo hili, na fundi wa viini vya kompyuta analijua pia: saa njema si ile isiyokosea. Saa inayotangulia sekunde moja kila siku, leo, kesho na mwakani, ni saa njema kabisa, kwa kuwa utaondoa sekunde moja kwa siku na utaujua wakati. Ile iliyo mbaya ni ile itanguliayo leo na kuchelewa kesho. Lakini sharti ujue mwendo wake mapema, na sharti uwe na njia ya kujua umebadilika.

Kiini cha mfumo endeshi hufanya vivyo hivyo. Mashine inapowashwa, kiini hukikuta kile kihesabio cha haraka wala mara nyingi hakijui mwendo wake. Basi hukipima kando ya kipima muda kingine ambacho mwendo wake unajulikana; hungoja milisekunde chache, kisha hutazama kihesabio kimehesabu mangapi. Huo ndio mwendo, nao huwekwa, na tangu hapo kila hesabu hugeuzwa kuwa wakati kwa kuufuata. Wala kiini hakilali. Katika mfumo wa Linux, kihesabio ambacho hakijathibitishwa hulinganishwa na saa nyingine kila nusu sekunde, na tofauti ikipita mpaka uliowekwa, hutangazwa kuwa hakiaminiki, na saa nyingine hushika nafasi yake. Katika mashine ile ya bohari, ulinzi huo ulikuwa umezimwa na fundi fulani aliyetaka mashine iwe nyepesi. Bomba la moshi la jirani lilikuwa limebomolewa.

Turudi kwa Harrison. Safari hii William hakuacha nafasi ya maneno. Kabla ya kuondoka alitangaza kwa maandishi kwamba saa itatangulia kama sekunde moja kwa siku, na kwamba joto na baridi vingeubadilisha mwendo huo kidogo. Machi 1764 alipanda manowari ya Tartar kwenda Barbados. Huko aliwakuta wanafalaki wametangulizwa kupima longitudo ya kisiwa, na mmoja wao alikuwa Nevil Maskelyne, kasisi na mtaalamu wa njia ya mwezi, yaani mshindani. William alilalamika waziwazi, na kulikuwa na fadhaa kubwa. Hata hivyo hesabu ilipofanywa, kosa la saa lilikuwa sekunde 39 kwa safari ya siku 47. Sheria iliruhusu sekunde 120.

Nilizigawanya namba hizo mwenyewe, nikazirudia nikidhani nimekosea. Ni chini ya sekunde moja kwa siku. Katika kila sekunde milioni moja, kosa ni kama sekunde kumi. Vijiwe vya kwatzi vya kompyuta za kawaida nizishughulikiazo, kama havisahihishwi, si ajabu vikakosea zaidi ya hapo. Navyo vimekaa mezani, havijaonja wimbi hata moja.

Februari 1765 Maskelyne alifanywa mwanafalaki mkuu wa mfalme, na kwa cheo hicho akawa mjumbe wa Bodi iliyokuwa ikimhukumu Harrison. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria mpya: Harrison atapata nusu ya fedha akiieleza siri ya saa yake yote, na nusu ya pili mpaka saa nyingine kama hiyo zitengenezwe. Mzee alikasirika, lakini Agosti aliifungua H4 mbele ya wataalamu sita, kipande kwa kipande, akaeleza. Alilipwa kiasi cha kutimiza pauni 10,000. Kisha saa zote akanyang'anywa, na ile ya kwanza, kazi ya ujana wake, iliangushwa wakati wa kuchukuliwa. H4 ikapelekwa Greenwich, Maskelyne akaipima miezi kumi na kutoa hukumu kwamba haiaminiki. Harrison alijibu kwa kijitabu kikali, akidai kwamba mwendo wa saa ulihesabiwa visivyo.

Nimesema sitaki kumfanya Maskelyne shetani, nami nitalitimiza. Njia yake ya mwezi ilikuwa ya kweli. Kuanzia mwaka 1767 kitabu chake cha hesabu za mbinguni kiliwawezesha mabaharia kupata longitudo kwa zana za bei nafuu, wakati ambapo saa moja ya namna ya Harrison iligharimu mamia ya pauni. Tena Harrison mwenyewe hakuwa mtu mwepesi. Maandishi yake ni kama msitu usio na njia, sentensi moja huchukua ukurasa mzima na kupotea humo humo. Lakini hakimu ambaye ni mshindani ni hakimu mbaya hata akiwa mwaminifu, na kubadili masharti ya mbio mkimbiaji akiwa amekwisha kuufikia utepe ni jambo ambalo sioni namna ya kulitetea.

Fundi Larcum Kendall aliamriwa kuinakili H4, na mwaka 1769 akaimaliza nakala. Nakala hiyo ndiyo aliyoichukua Nahodha James Cook katika safari yake ya pili, kati ya miaka 1772 na 1775, kutoka barafu ya kusini hadi visiwa vya joto, naye alirudi akiisifu. Harrison, aliyekuwa amekaribia miaka 80, alitengeneza saa ya tano, na William akampelekea malalamiko Mfalme George wa Tatu. Mfalme alipenda sana mambo ya elimu. Aliipima saa hiyo yeye mwenyewe mwaka 1772 katika nyumba yake ya kutazamia nyota. Kwanza ilikwenda ovyo, mpaka ikakumbukwa kwamba kabatini karibu nayo mlikuwa na sumaku. Zilipoondolewa, saa ilikosea theluthi moja tu ya sekunde kwa siku, kwa wiki kumi. Mfalme alimuunga mkono mzee, na mwaka 1773 Bunge, si Bodi, lilimpa pauni 8,750. Fedha alizipata, lakini tuzo yenyewe ya sheria ya mwaka 1714 hakutangazwa kamwe kuwa mshindi wake.

Alifariki London tarehe 24 Machi 1776, naye ana miaka 83, akazikwa Hampstead.

Mwaka mmoja kabla ya kufa alichapisha kitabu ambamo alidai kwamba saa ya pendulamu ikijengwa kwa njia yake itaweza kwenda siku 100 bila kukosea zaidi ya sekunde moja. Watu walimcheka. Walisema ni mzee aliyechanganyikiwa, na hata wataalamu wa karne zilizofuata walilipita dai hilo kwa tabasamu. Ndipo fundi mmoja wa Uingereza, Martin Burgess, alipoanza kujenga saa kwa kuyafuata maagizo ya kitabu hicho, na ikaja kumalizwa na wengine. Iliwekwa Greenwich, katika kasha lililotiwa mhuri ili pasiwe na mtu wa kuigusa, na majira yake yakalinganishwa na saa za kisasa. Mwaka 2015 siku 100 zilipotimia, kasha bado likiwa na mihuri yake, saa ya Harrison ilikuwa imekosea kwa sehemu tano za nane za sekunde.